Harufu ya Salfa Juu ya Kibo

Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua, Nachingwea nzima hunuka salfa. Alfajiri, umande ungali kwenye majani, utasikia mashine zikinguruma mashambani, na jua likitoka unga wa njano umeshatua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizosahaulika kwenye kamba, hata juu ya uji kama hukuufunika. Nyie wa rika langu mliokulia huku hamna haja ya kuelezwa. Wengi mnaipenda harufu ile, maana ikifika pua inajua kwamba mavuno yako njiani na mtoto atapata sare mpya. Mimi hufunga madirisha. Mume wangu anaamini nina pumu, na siku moja aliniletea kile kichupa cha dawa ya kuvuta. Sina pumu. Nilikuwa na mjomba.

Tulikuwa tukiishi Nkowe, mimi na mama, kwenye mji wa bibi mzaa mama. Kwetu sisi Wamwera mjomba si kaka wa mama tu. Ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kukuchapa, lakini mjomba ndiye anayekuja kuuliza umechapwa kwa kosa gani. Nami nilikuwa na wajomba wawili. Mjomba Selemani, mkubwa, alikuwa na mikorosho mingi, baiskeli, redio, na mashine ya kwanza ya kupulizia salfa pale kitongojini. Akikohoa, watu walinyamaza. Mjomba Chande, kitinda mimba, alikuwa na habari tu. Aliondoka mimi nikiwa bado nanyonya, akasema anakwenda Moshi kutafuta maisha, na kwa miaka yote ile tulipata barua mbili na salamu moja iliyoletwa na dereva wa lori.

Bibi alimpenda Chande kupita kiasi, na hakuficha. Alipoanza kuumwa alisema mbele ya watu: "Mimi nikifa, atakayenipokea kaburini ni Chande. Nyie wengine mtashika huko juu." Mjomba Selemani alicheka, lakini niliona kwamba neno lile lilimchoma.

Bibi alipofariki, Mjomba Selemani alipanda baiskeli hadi Ruangwa, akapeleka tangazo redioni. Mnakumbuka yale matangazo ya vifo, baada ya taarifa ya habari, na ule muziki wake ulioleta huzuni hata kama aliyekufa humjui. Tulikaa uani tumeizunguka redio, na mtangazaji akalitaja jina la Bibi, kisha akasema habari zimfikie mwanawe Chande popote alipo. Mimi nilijivunia. Jina la Bibi wetu limesomwa na nchi nzima imelisikia! Ndivyo nilivyodhani, na ndivyo watu wazima wote walivyodhani pia, kwamba tangazo likishasomwa hakuna mtu chini ya jua asiyelisikia. Maiti ilisubirishwa siku nzima zaidi ya inavyotakiwa, hadi shehe akaanza kukunja uso. Chande hakutokea. Aliyeingia kaburini kumpokea Bibi ni Mjomba Selemani, analia na amekasirika kwa pamoja.

Miezi ikapita. Msimu wa salfa ukaingia, na asubuhi moja nilikuwa nafagia uwanja nilipomwona mtu anakuja kwa njia ya kisimani. Alivaa koti nene la bluu lenye kofia nyuma, joto la Nkowe mnalijua, na alikuwa akichechemea. Begani ana begi refu lililotoboka. Alisimama mbele yangu akatabasamu, akasema, "Wewe ndiye Sharifa. Una uso wa mama yako. Bibi yuko wapi, amelala bado?"

Nilikuwa mtoto. Niliulizwa swali nikajibu. "Bibi tulishamzika," nikasema, "hata arobaini imepita."

Aliweka begi chini taratibu. Halafu akakaa juu yake, akavua kofia ya sufu, akawa anaizungusha mikononi. Hakulia. Mama alipotoka jikoni na kupiga ukelele, yeye bado anaizungusha kofia. Baadaye alifungua begi akatoa sweta, sweta kubwa la manyoya linalonuka moshi na vitunguu. Alikuwa amemletea Bibi, kwa sababu kwenye barua yake moja Bibi alimwambia, kwa mkono wa mwalimu, kwamba baridi ya mwezi wa sita inamwingia mifupani. Mama alilipokea akaliweka juu ya kitanda cha Bibi, na hakuna aliyeligusa tena.

Sasa niwaeleze desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichoharibika. Mtu aliyekosa maziko ya mzazi au ndugu yake haendi kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Humngoja ndugu aliyekuwepo siku ile amshike mkono, ampeleke, na hapo kaburini wamwage unga wa mtama pamoja. Kabla ya hapo hata kulia hatakiwi. Ni kama msiba haujamfikia. Na ndugu hawamshiki mkono mpaka wameridhika kwamba alikosa maziko kwa udhuru wa kweli. Kwa hiyo Mjomba Chande alikaa pale nyumbani, kaburi la mama yake analiona kwa mbali nyuma ya mikorosho, na hathubutu kwenda.

Udhuru wake ulikuwa huu: alikuwa mlimani. Alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, anawabebea wageni mizigo, na siku Bibi alipokufa yeye alikuwa juu, mahali pasipo redio wala mtu wa kumwita. Huko huko baridi ilimchukua vidole viwili vya mguu, akalazwa miezi hospitali, na ndiyo maana alichelewa kurudi.

Watu wa Nkowe walimsikiliza, kisha wakaenda kucheka nyumbani kwao. "Baridi ikate kidole! Hiyo baridi ina panga?" Na kulikuwa na mchukuzi mmoja wa magunia ya korosho aliyeapa kwamba mwaka ule alimwona Chande Newala, anafanya kibarua cha kupulizia salfa kwenye mashamba ya watu. Newala! Mtu ukiwa Newala siku ya pili uko Nkowe. Kama ni kweli alikuwa Newala, basi alisikia tangazo akalikalia, na vidole vile vilikatwa na jembe la tajiri wake. Hapo ndipo mambo yaliposimama: kama alikuwa mlimani, amesamehewa; kama alikuwa Newala, amemtupa mama yake.

Mimi nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu alinisimulia mimi, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunisimulia jambo zima bila kunituma kitu katikati. Tulikuwa tukienda kisimani pamoja, nami na ndoo yangu, na kwenye kile kilima cha kurudi alinifundisha kupanda kipagazi: hatua ndogo, kisigino kitue kwanza, usiongee, usimtazame aliye mbele. "Mlima haupandwi kwa kifua," aliniambia. "Unapandwa kwa kutokuwa na haraka." Mpaka leo nikipanda ngazi napanda hivyo, na watoto wangu wananicheka.

Aliniambia kwamba pale getini mizigo hupimwa kwenye mizani, na kwamba wapagazi hubeba mahema, meza, viti vya kukunja, hata trei za mayai, na yai likivunjika mpishi anakuwa mkali kuliko polisi. Wenyewe hujiita wagumu. Aliniambia mgumu mmoja mzee wa Marangu alimsimulia jinsi babu yake alivyowabebea Wazungu wa kwanza kabisa, hao ambao majina yao yameandikwa vitabuni, na kwamba babu yule alipanda peku huku amejifunga blanketi, na jina lake hakuna anayelijua. "Kila aliyefika juu, mjomba, kulikuwa na mtu amembebea chai," akasema. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba.

Yeye mwenyewe safari nyingi aliishia kwenye kibanda cha mwisho, anawangoja wageni warudi kutoka kileleni wamechoka na wanalia. Lakini mara moja alikwenda na wageni waliotaka kulala ndani kabisa, kwenye shimo la juu ya mlima, na mahema yao yalipaswa kufika huko. Aliona ukuta wa barafu mrefu kuliko msikiti wetu. Huko ndiko baridi ilikomchukua vidole.

Asubuhi moja tukiwa tumekaa nje, mashine ya Mjomba Selemani ikaanza kunguruma shambani, na ule unga ukaja na upepo. Mjomba Chande aliinua pua, akacheka peke yake. "Ajabu," akasema. "Ndani ya lile shimo kunanuka hivi hivi. Nililala usiku ule nikadhani niko Nkowe."

Nilicheka naye. Sikuona kosa lolote.

Kilichonikera kilikuwa kitu kingine. Darasani tulikuwa na kitabu chenye picha ya mlima mweupe, na juu yake Mwenge wa Uhuru unawaka, miali yake mikubwa kuliko mlima wenyewe. Mwalimu alitufundisha kwamba siku ya uhuru mwenge uliwashwa pale kileleni. Mimi nilielewa kwamba bado upo, unawaka usiku na mchana, na kuna askari wa kuongeza mafuta. Nikamuuliza mjomba mwenge ni mkubwa kiasi gani.

"Hakuna mwenge," akasema. "Waliufikisha siku ile, wakashuka. Sasa kuna ubao tu, na upepo."

Nilipeleka habari hiyo darasani nikiwa nimejaa kiburi, kama mtu aliyetoka huko mwenyewe. Mwalimu aliniuliza nani kaniambia. Nikasema mjomba wangu, yeye amefika. Darasa zima likaangua kicheko, maana kila mtu nyumbani kwao alishasikia habari za Newala. Nilisimamishwa mbele, nikashika kitabu kimefunguliwa kwenye picha ile, mpaka kengele. Sikumchukia mwalimu. Nilimchukia Mjomba Chande. Kwa nini asiseme tu kwamba mwenge upo? Ingempunguzia nini?

Siku ya kikao ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Walikaa barazani: Mjomba Selemani, wazee wawili wa ukoo, mama, na Bi Esha, mtani wetu. Mnajua mambo ya watani. Mtani msibani anaweza kuvaa kofia ya marehemu, anaweza kukunyang'anya sahani mkononi, na huruhusiwi kukasirika. Neno la mtani halijibiwi. Bi Esha alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kucheka hata akiwa hajacheka, na watoto wote tulimpenda.

Mjomba Selemani alimuuliza mdogo wake maswali. Cheti kiko wapi? Alisikia kwamba wanaopanda mlima hupewa cheti.

"Cheti wanapewa waliobebewa, kaka. Si waliobeba."

Picha?

"Ningepata wapi kamera?"

Barua ya hospitali?

Iliibiwa pamoja na begi lake dogo, kituo cha mabasi. Hapo mzee mmoja akaguna. Mjomba Chande aliwatazama mmoja mmoja, nikaona anatafuta kitu cha kushika. Kisha akaniona mimi, nimejibanza mlangoni.

"Muulizeni Sharifa," akasema. "Huyu nimemsimulia yote, siku nyingi, na mtoto hana sababu ya kunipendelea. Mwongo kila akisimulia hubadilisha. Muulizeni kama nimewahi kubadilisha."

Waliniita. Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Mjomba Selemani alisema kwa upole, na upole wake ulinishangaza, "Haya, mama, sema. Alikwambia kuna nini huko juu?"

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na mizani ya getini, trei za mayai, kisigino kinachotua kwanza, ukuta wa barafu, babu wa Marangu aliyepanda peku. Yote nilikuwa nayo mdomoni. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikuanza na hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nakiona kile kitabu mikononi mwangu na darasa linacheka, nikataka na yeye achekewe, kidogo tu, alau apate robo yangu. Nikasema:

"Alisema hakuna mwenge. Alisema kunanuka salfa."

Halafu Bi Esha akapiga makofi mapajani. "Alaa! Basi mlima huo hata mimi nimeupanda! Uko Newala, una maua na korosho!"

Watu waliangua kicheko. Wazee walicheka, waliokuwa wakichungulia uani walicheka, mama akajifunika uso kwa kanga na mabega yake yakatikisika. Nami nikacheka. Hilo lazima niliseme. Kwa dakika moja nilikuwa mtoto aliyewachekesha watu wazima, na nilifurahi.

Ni lazima mtuelewe pia. Kwetu salfa ilikuwa ya mikorosho, kama chumvi ilivyo ya mboga. Inakuja kwenye mifuko, inapuliziwa, inawasha macho, basi. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba inatoka ardhini. Kuambiwa kwamba juu ya barafu, mahali pasipoota hata nyasi, kunanuka salfa, ilikuwa sawa na mtu kuapa kwamba alikuwa Makka halafu aseme alinunua huko pombe ya mabibo.

Mjomba Selemani peke yake hakucheka. Alimtazama mdogo wake, akasema taratibu, "Salfa. Hata kudanganya hukujitaabisha." Akainuka, akakung'uta kanzu, akaingia ndani.

Nilidhani Mjomba Chande atanigombeza. Aliniwekea mkono kichwani. "Umesema vizuri, mjomba," akasema. "Ndivyo nilivyokwambia." Ningekuwa nimepigwa ningesahau.

Aliondoka asubuhi ya pili yake, mashine za salfa zimeanza, begi begani, hatua ndogo, kisigino kinatua kwanza. Alipita njia ya mbali ili asikaribie kaburi. Koti lile la bluu aliliacha juu ya kitanda cha Bibi, kando ya sweta.

Tulisikia kwamba yuko Namungo kwa wachimbaji wa dhahabu, anawachotea maji na kuwapikia. Si mbali, lakini hakuna aliyekwenda. Mimi nilimwona mara moja tu. Nilikuwa nasoma sekondari Ruangwa, tukaenda Namungo kutazama mpira, wasichana watano tumevaa nguo zetu nzuri. Kando ya uwanja kulikuwa na mtu anauza mayai ya kuchemsha, anachechemea kutoka kundi hadi kundi, na vijana wanamwita, "Salfa! Lete mayai, Salfa!" Utani wa Bi Esha ulikuwa umemfuata hadi huko. Aliniona. Aliinua mkono, si juu sana, kama mtu asiyetaka kusumbua. Rafiki yangu akaniuliza, "Unamjua yule?" Nikasema simjui, nikageukia mpira. Timu gani zilicheza siku ile sikumbuki hata kidogo.

Alifariki miaka michache baadaye. Habari ilitufikia wiki mbili baada ya maziko.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi niliishia hapo. Nikaolewa Nachingwea, nikafungua mgahawa karibu na stendi, chai, chapati, supu. Nilijiambia kwamba Mjomba Chande alikuwa mtu mwenye maneno matamu aliyemkosea mama yake, nami nilikuwa mtoto niliyesema kweli. Nilikuwa nimesema kweli, au sivyo? Kila neno lilikuwa lake.

Msimu uliopita aliingia dereva mmoja, kijana wa makamo, wa haya malori yanayokwenda migodini Ruangwa. Kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa kaskazini. Ilikuwa asubuhi, na unga wa salfa ulikuwa umejaa hewani. Alikaa, akavuta pumzi, akacheka peke yake, na mimi mikono yangu ikaganda kwenye unga wa chapati, kwa maana nilishawahi kumwona mtu akicheka hivyo.

"Mama," akasema, "hapa pananuka kama Kibo."

"Kibo gani?"

"Mlimani. Kabla sijajua gari nilikuwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni. Kuna wengine wanataka kulala ndani ya shimo kule juu. Sasa mle ndani kuna mahali mvuke unatoka ardhini. Mlima ule haujafa, mama, unapumua. Na pumzi yake inanuka hivi hivi." Akapiga chafya. "Nikiwaambia watu wananiona chizi. Barafu na kiberiti wapi na wapi."

Nilimuuliza kama kuna mwenge.

"Mwenge?" Akanitazama kuona kama namtania. "Kuna ubao tu, na upepo."

Nikamuuliza kama baridi inaweza kukata kidole. Akasema rafiki yake alikatwa vitatu. Chapati ilikuwa imeungua, moshi umejaa, wateja wananiita, nami nimesimama na mwiko mkononi nalia mbele ya watu. Kijana wa watu alidhani amenikosea. Nilimpa chai bure na sikumweleza kwa nini.

Kesho yake nilipanda basi, kisha bodaboda, hadi Nkowe kwa Mjomba Selemani. Ni mzee sasa, haoni vizuri, na mashine inaendeshwa na wajukuu. Nilimwambia yote, neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa huko."

"Alikuwa huko, mjomba."

"Na siku mama anasubiri..." Hakumaliza. Akapapasa ukuta, akaingia chumbani, akarudi na kibuyu cha unga wa mtama. "Twende."

Tulikwenda Namungo kwa bodaboda mbili, mzee kashikilia kibuyu kifuani. Tukaelekezwa makaburini, nyuma ya mashimo ya zamani. Tulipofika kwenye kichaka cha kwanza, Mjomba Selemani alisimama, akaninyooshea mkono. "Nishike unipeleke."

Nilinyoosha wangu, nikaurudisha. "Mjomba, mimi pia sikuwepo."

Tulitazamana. Watu wawili wa ukoo mmoja, kaburi liko hatua ishirini, na hakuna kati yetu anayeruhusiwa kumpeleka mwenzake. Katika ukoo mzima hakuna hata mmoja. Basi tukakaa chini kando ya njia, kwenye jua, na kijana wa bodaboda akaenda kumtafuta mtu aliyemzika.

Alikuja baada ya saa nzima, mchimbaji mzee, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilimweleza desturi yetu. Alisema kwao hawana, lakini hakuona tatizo. Alisema yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Alitushika mikono, Mjomba Selemani kulia, mimi kushoto, akatupeleka taratibu hadi kwenye kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe. Tulimwaga unga. Mzee Selemani alianza kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, hata siku ya Bibi.

Yule mchimbaji alingoja kwa adabu. Kisha akaniinamia, akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani, mama. Ni kweli huyu Salfa alipanda Kilimanjaro? Alikuwa akitusimulia kila tukipumzika. Sisi hatukuwa na njia ya kujua, tulimwamini tu."

"Ni kweli," nikasema. "Alifika mpaka ndani. Hakuna mwenge, na kunanuka salfa."